Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Mwanzo wa Kifafa Katika Ubongo na Katika Lugha

Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumhusu mtu aliyedhulumiwa akanyamaza, watu wakadhani amesahau, ilhali kinyongo kingali moyoni. Fasihi ya Kiswahili imejaa wahusika wa namna hiyo. Ipo, hata hivyo, maana ya pili ambayo huenda wahenga hawakuikusudia, nayo ni kweli kwa namna ya kutisha. Katika ubongo wa binadamu, jeraha linaweza kufunga, homa ikashuka, mtoto akarudi kucheza na wenzake, na bado chini ya kovu tishu ikaendelea kujipanga upya kimyakimya kwa miezi au miaka, hadi siku moja mtoto akaanguka bila onyo. Kifafa aghalabu huanza hivyo: huanza zamani kuliko siku kinapoonekana. Makala haya yanauchunguza mwanzo huo mara mbili: jinsi unavyotokea ndani ya tishu ya ubongo, na jinsi lugha inavyousimulia. Hoja yake ni kwamba masimulizi yanapokosea mwanzo, wapo wanaolilipa kosa hilo kwa maisha yao.

Na ianzwe na lugha. Mswahili hasemi kwamba fulani amefanya kifafa. Husema ameshikwa na kifafa, ameangushwa, amepandwa. Kauli ya kutendwa ina tabia inayojulikana na kila mwanafunzi wa sarufi: humleta mtendwa mbele ya macho na kumficha mtenda, lakini haimfuti. Sentensi isemayo “mtoto ameshikwa” humwachia msikilizaji swali moja kubwa: kashikwa na nani? Tabia hii si ya Kiswahili pekee. Wagiriki wa kale waliliunda jina la ugonjwa huu kutokana na kitenzi chenye maana ya kukamata, na jina hilo ndilo lililoenea katika lugha za Ulaya. Ama kuhusu neno kifafa lenyewe, sikio la mzungumzaji husikia ndani yake kitenzi “fa” kikirudiwa, na wapo walioeleza maana yake kuwa ni kufa nusu, au kukakamaa mithili ya maiti. Degedege, yaani mtukutiko wa watoto wadogo wenye homa, nalo linasikika pamoja na dege, ndege mkubwa. Na katika imani za pwani mtoto wa degedege hudhaniwa amepitiwa na ndege au pepo mwenye umbo la ndege. Utafiti uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa wazazi wengi waliichukua homa ya malaria na degedege kuwa maradhi mawili tofauti, moja la kupelekwa hospitali na jingine la kupelekwa kwa mganga kwanza. Majina mawili yalizaa njia mbili, na mtoto ambaye mtukutiko wake ulisababishwa na malaria ile ile alicheleweshwa njiani.

Kutoka pwani hadi nyanda za juu za Gusii ni mbali, lakini swali ni lile lile. Itumbe ni nchi ya majani chai na migomba, ya mashamba madogo yaliyopakana ua kwa ua, ambamo jirani hujua jirani kapika nini na kagombana na nani. Huko malaria haikuwa mgeni wa kila siku kama ilivyo kandokando ya Ziwa Viktoria au pwani. Ilizuka kwa vipindi, kama ilivyotokea katika wilaya za Kisii na Gucha mwaka wa 1999 na tena mwaka wa 2002. Na kwa kuwa miili ya wenyeji haikuizoea, ilipozuka iliwaangusha wakubwa kwa wadogo. Na achukuliwe, kwa mfano tu, mtoto aliyeugua malaria ya ubongo akiwa na umri wa miaka miwili katika mlipuko wa namna hiyo. Alizimia, akatukutika, akatibiwa, akapona. Wazazi wakashukuru. Miaka saba baadaye, asubuhi ya Jumamosi, mtoto huyo yuko shambani akimsaidia mama yake kuchuma majani chai. Ghafla kapu linamponyoka, macho yanageuka, mwili unakakamaa, na povu linamtoka kinywani.

Katika saa hiyo hakuna anayeikumbuka homa ya miaka saba iliyopita. Kinachokumbukwa ni cha juzi: ugomvi wa mpaka, jirani aliyemsifu mtoto kupita kiasi, bibi kizee aliyekutana naye njiani jioni. Kati ya jeraha na anguko pana miaka saba mitupu, na masimulizi hayapendi utupu. Hutafuta mhusika wa kuujaza. Kwa Ekegusii mhusika huyo huitwa omorogi, yaani mchawi. Mwezi wa Mei 2008 watu wapatao 11, wengi wao wazee, waliteketezwa kwa moto na umati katika eneo la Gusii kwa tuhuma za uchawi. Na mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizo hizo huko Marani, Kisii. Haidaiwi hapa kwamba kisa cha mauaji hayo kilikuwa kifafa. Kinachodaiwa ni kwamba ugonjwa wowote ambao mwanzo wake hauonekani ni kuni zilizokaushwa, zinazongoja tu jina la mtu. Swali la “nani?” likishaulizwa, jibu lake halikosekani kijijini.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba Gusii haikujua swali jingine. Miongoni mwa Wagusii kulikuwa na mafundi wa kupasua vichwa, omobari kwa umoja na ababari kwa wingi, ambao sifa zao zilivuka mipaka ya nchi. Daktari Grounds aliwaandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki mwaka wa 1958, na Edward Margetts, mtaalamu wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mathari jijini Nairobi katika miaka ya 1950, akawaeleza kwa kirefu mwaka wa 1967. Omobari aliichana ngozi ya kichwa, kisha akaukwangua mfupa wa fuvu kidogokidogo kwa kifaa kilichopinda, mgonjwa akiwa macho, hadi alipofikia mahali alipoona pana kasoro. Naye alichunga sana asiutoboe utando mgumu unaoufunika ubongo. Waliomwendea wengi hawakuwa wagonjwa wa kifafa. Walikuwa watu waliopigwa rungu au kuanguka, wakabaki na maumivu ya kichwa yasiyokwisha. Lakini itazamwe mantiki yake. Mgonjwa alipofika, omobari aliuliza alipigwa lini na wapi, akapapasa kovu kwa vidole, akatafuta mahali. Swali lake halikuwa “nani anakuroga?” bali “ni wapi panapouma, na pamekuwa hivyo tangu lini?” Kwa maneno mengine, fundi huyu wa Gusii alilijua kovu, na alijua kwamba mwenye kovu huenda hajapoa.

Swali hilo la “wapi” ndilo lililoijenga elimu ya kifafa ulimwenguni. Mnamo mwaka wa 400 hivi kabla ya Kristo, mwandishi mmoja wa Kigiriki wa shule ya Hippocrates alikana kwamba ugonjwa huu ulitoka kwa miungu. Alishauri kipasuliwe kichwa cha mbuzi mwenye kuanguka, ambamo ubongo ungeonekana umejaa maji na unanuka. Alikosea kuhusu maji. Hakukosea kuhusu mahali. Katika karne ya 19 jijini London, John Hughlings Jackson aliona kwamba baadhi ya wagonjwa wake walianza kutetemeka kidole gumba, kisha kiganja, kisha mkono mzima, kwa utaratibu ule ule kila mara. Akahitimisha kuwa kuna sehemu ndogo ya ubongo inayojifyatua ghafla na kupita kiasi, na kwamba kishindo chake husambaa kwa majirani. Mwaka wa 1924 Hans Berger, huko Jena nchini Ujerumani, alifaulu kunasa umeme wa ubongo wa binadamu kupitia ngozi ya kichwa. Kuanzia miaka ya 1930 Wilder Penfield, huko Montreal, akawa anawafungua fuvu wagonjwa walio macho, kama alivyofanya omobari, na kuugusa ubongo kwa mkondo hafifu wa umeme ili apajue panapoanzia kifafa. Lakini kupajua mahali si kujua jinsi. Ni kitu gani hasa hutokea katika kipande hicho cha tishu, katika zile sekunde chache kabla ya kapu kumponyoka mtoto?

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli ni kama kijumba chenye ukuta mwembamba ulio na milango mingi. Ndani na nje kuna chumvichumvi zenye chaji, yaani ioni: sodiamu nyingi nje, potasiamu nyingi ndani. Pampu zilizomo ukutani hufanya kazi usiku na mchana, zikitoa ioni tatu za sodiamu kwa kila mbili za potasiamu zinazoingizwa. Kutokana na tofauti hizo, ndani ya seli iliyotulia pana umeme wa chini kuliko nje kwa milivolti 70 hivi. Seli ikisukumwa na majirani zake hadi kiwango fulani, milango ya sodiamu hufunguka kwa ghafla, sodiamu huingia kwa kishindo, na seli hufyatua ishara idumuyo kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kisha milango hujifunga, potasiamu hutoka, na utulivu hurejea. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walilieleza jambo hili mwaka wa 1952 kwa kutumia neva nene ya ngisi, nao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1963.

Seli hazifyatui ovyo. Zipo zinazochochea nyingine kwa kemikali iitwayo glutamati, nazo ndizo nyingi. Zipo nyingine, takribani moja kwa kila tano katika gamba la ubongo, ambazo kazi yake ni kutuliza. Hizi humwaga kemikali iitwayo GABA, ambayo hufungua milango ya kloridi na kuirudisha seli jirani kwenye utulivu. Wachochezi na watulizaji huenda pamoja kama wapiga ngoma na anayeshika mapigo. Ubongo wenye afya hauna kimya. Unafanana na soko siku ya gulio: huyu anataja bei ya ndizi, yule anapunguza, wa tatu anamwita mtoto wake, na kelele hiyo yote ina maana kwa sababu kila mmoja anasema lake kwa wakati wake. Na idhaniwe sasa kwamba soko zima, kwa mara moja, linaanza kupaza neno moja tu, tena na tena, kwa mpigo mmoja. Kelele imezidi, lakini biashara imesimama, kwa kuwa hakuna anayesikika. Kifafa ni hali hiyo. Anayemtazama mgonjwa hudhani kwamba ubongo umezimika. Kumbe umejaa sauti moja.

Ili kuujua mwanzo wa hali hiyo, wanasayansi walichukua vipande vyembamba vya ubongo wa panya, vyenye unene usiofika nusu milimita, wakaviweka hai katika maji yenye chumvi, sukari na oksijeni. Sehemu iliyopendwa zaidi ni hipokampasi, iliyo ndani ya ubongo upande wa masikio, ambayo huhusika na kumbukumbu, na ambayo kwa binadamu ni mojawapo ya makazi makuu ya kifafa. Kipande hicho hakina mwili wala nafsi. Hakina jirani mbaya. Hata hivyo kinaweza kushikwa na kitu kinachofanana kabisa na kifafa. Ikizuiwa GABA kwa dawa, kipande kizima hufyatua kwa pamoja. Yakipunguzwa magnesiamu katika maji, hutokea vivyo hivyo, kwa sababu magnesiamu huziba mlango mmojawapo wa glutamati kama kizibo cha chupa. Ikiongezwa potasiamu nje ya seli kutoka kiwango cha kawaida hadi mara mbili au tatu yake, umeme huanza kupanda na kushuka kwa mawimbi. Njia ni tatu tofauti, na zote huishia penye ufyatuaji wa pamoja.

Mwaka wa 1982 Roger Traub na Robert Wong walionyesha, kwa tishu na kwa hesabu za kompyuta, jinsi seli chache zinavyoweza kukusanya umati. Kila seli ikiweza kuamsha zaidi ya moja, na watulizaji wakiwa wameondolewa, basi wawili huamsha wanne, wanne wanane, na katika muda mfupi sana wote wamo. Mwaka uliofuata Richard Miles na Wong walipiga hatua ya kushangaza zaidi: waliisisimua seli moja tu katika kipande kilichoondolewa utulizaji, na mara kadhaa seli hiyo moja ikatosha kuanzisha ufyatuaji wa kundi zima. Mtu angeweza kusema kwamba hatimaye “nani” amepatikana. Lakini sivyo. Seli ile haikuwa na ubaya wowote; zipo nyingine ambazo zingefanya kama yeye. Katika tishu iliyotulizwa vizuri, ishara yake ingefifia hatua mbili tatu mbele. Kilichobadilika si tabia ya mmoja bali mpango wa wote. Anayetafuta mkosaji katika kipande hicho atamkuta kila mmoja na hatamkuta yeyote.

Uchunguzi wa baadaye ulitatanisha mambo zaidi, na hapa pana fundisho. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kifafa huanza watulizaji wanapolala. Ikaja kuonekana kwamba mara nyingine, sekunde chache kabla ya dhoruba, watulizaji ndio wanaofyatua kwa bidii kuliko wote. Wanajitahidi. Lakini kila wanapofungua milango ya kloridi, kloridi hurundikana ndani ya seli wanazozituliza. Na pampu zinazopaswa kuitoa hutoa potasiamu pamoja nayo, hivyo potasiamu nayo ikazidi nje. Kloridi ikishajaa ndani, GABA ile ile iliyokuwa ikituliza huanza kusisimua. Mlinzi, kwa kulinda kupita uwezo wake, hugeuka kuwa mshiriki. Mwaka wa 2002 Ivan Cohen, Miles na wenzao jijini Paris walipima tishu iliyotolewa katika upasuaji wa watu wenye kifafa, wakakuta kwamba katika baadhi ya seli GABA ilikuwa kweli inasisimua. Si panya tu, basi. Vilevile ilionekana kwamba pembezoni mwa eneo lililowaka, watulizaji walio wazima hujenga ukuta wa kuuzuia moto usienee. Ukuta ukishikilia, mgonjwa huona labda ganzi ya kidole au harufu isiyokuwapo, na mambo huishia hapo. Ukibomoka, ndipo anapoanguka.

Sasa lirudiwe kovu. Malaria kali huziba vijishipa vya damu ubongoni, na sehemu fulani za tishu hukosa oksijeni na sukari. Mtoto aliyechelewa kulia wakati wa kuzaliwa hupata dhara la namna hiyo. Aliyepigwa kichwani, au aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki, tishu yake huchubuka. Mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa pamoja na chakula kichafu yanaweza kufikia ubongo na kujenga vifuko humo. Kwa wengine tatizo wamezaliwa nalo katika jeni, na kovu halipo. Lakini penye jeraha, kinachofuata kinafanana: baadhi ya seli hufa, zilizobaki huotesha matawi mapya na kuungana kwa njia zisizokuwapo awali, pampu za kloridi hupungua, seli za usaidizi zinazofyonza potasiamu iliyozidi hudhoofika. Hayo yote hufanyika bila homa na bila maumivu. Watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka wa 2004 matokeo yaliyoonyesha kwamba kifafa kilikuwa kingi zaidi miongoni mwa watoto waliowahi kuugua malaria kali kuliko miongoni mwa wenzao ambao hawakuiugua. Miaka saba ya mtoto wa mfano wetu wa Itumbe haikuwa mitupu, basi. Ilikuwa miaka ya kazi. Shambani siku ile hakuingia mtu ndani yake. Tishu yake ilifikia tu siku ambayo wachache waliweza kuwaamsha wengi.

Wanaohusika si wachache. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu milioni 50 hivi wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2013 ulikadiria kwamba kifafa cha mtukutiko kilikuwa na watu 7.8 kwa kila 1,000 huko Kilifi, 10.3 huko Iganga na Mayuge nchini Uganda, na 14.8 huko Ifakara nchini Tanzania. Si mbali na Ifakara iko Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuta wagonjwa wakila peke yao na kulala peke yao kwa kuwa mate yao yaliogopwa, na wengine wenye makovu mabaya ya moto kwa kuwa walipoangukia mekoni hakuna aliyethubutu kuwashika. Mate hayaambukizi kifafa. Umeme uliozidi katika tishu ya mtu mmoja hauna njia ya kupita kwenye povu hadi kwa mwingine. Anayemwona mtu ameanguka na amgeuze ubavu, amwondolee vitu vigumu na moto, asimtie kijiko wala kidole kinywani, asimkandamize. Na mtukutiko ukipita dakika tano, amkimbize hospitali.

Dawa zipo. Mwaka wa 1912 Alfred Hauptmann aligundua kwamba fenobabitali, iliyokuwa ikitumiwa kama dawa ya usingizi, huzuia kifafa. Siku hizi inajulikana jinsi inavyofanya kazi: huifanya milango ya kloridi inayofunguliwa na GABA ikae wazi kwa muda mrefu zaidi, yaani huwaongezea nguvu watulizaji. Nyingine, kama kabamazepini, huzuia milango ya sodiamu isifunguke mfululizo. Inakadiriwa kuwa hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka iwapo watatibiwa ipasavyo, na fenobabitali ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa. Hata hivyo utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka wa 2012 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakipata tiba. Umaskini na umbali wa zahanati vina sehemu yao. Lakini mtu hawezi kuitafuta dawa ya milango ya kloridi iwapo ameambiwa kwamba kilichomshika mwanawe ni jirani.

Hapo ndipo wanafunzi na walimu wa Kiswahili wanapoingia. Wasomaji wa tafsiri za Mwalimu Nyerere watakumbuka kwamba Kaizari alianguka sokoni akitokwa povu, umati ukimtazama, na kwamba Kasio aliposikia habari hiyo hakushughulika na mgonjwa. Aliugeuza ugonjwa kuwa sitiari ya siasa, kwamba walioanguka ni wao wenyewe. Ndivyo fasihi iutendeavyo ugonjwa huu mara nyingi: mgonjwa ni ishara ya laana, ya unabii, au ya kuporomoka kwa utawala. Ni nadra kuwa mgonjwa tu. Sitiari si dhambi. Makala haya yenyewe yametumia soko, mlinzi na ukuta. Ila kuna sitiari zinazomfungulia msikilizaji mlango wa kuuliza “vipi?”, na kuna zile zinazoufunga kwa kumkabidhi jina la mtu.

Haipendekezwi kwamba kauli ya kutendwa ifutwe, wala neno kifafa litupwe. Lugha haiendeshwi kwa amri, na wazungumzaji wataendelea kusema “ameshikwa.” Kinachowezekana ni kulijaza pengo ambalo kauli hiyo huliacha. Istilahi za neva na umeme wa ubongo katika Kiswahili bado zinasuasua, na nyingi zimefungiwa katika kamusi ambazo muuguzi wa zahanati hana. Zinahitajika hadithi, tamthilia za redio na vitabu vya shule ambamo mhusika mwenye kifafa ana historia: homa ya utotoni, kuzaliwa kwa taabu, pigo la kichwa. Yanahitajika maelezo ambayo mhudumu wa afya anaweza kumpa mama katika dakika tano, kwa Kiswahili au kwa Ekegusii, bila kumdharau.

Kwa kuhitimisha, lugha ya Kiswahili haikosi akiba ya kulieleza jambo hili. Imeshakuwa na methali inayosema kwamba kovu linaweza kuficha lisilopoa, nayo Gusii ilishakuwa na mafundi walioanza kazi kwa kulipapasa kovu. Mtoto akianguka katika shamba la majani chai la Itumbe, hekima hiyo inatosha kubadili swali la kwanza. Badala ya “nani amemtenda haya?”, waliokusanyika wamuulize mama yake: “Je, aliwahi kuugua sana alipokuwa mdogo?” Swali hilo lina jibu ambalo halihitaji moto, na jibu hilo lina dawa.